Moto wa mjane ni deni la nani?



Nabii Eliya alipomkuta mjane wa Sarepta kwenye mlango wa mji, yule mama alikuwa akiokota kuni. Tunahubiri sana juu ya unga wake na mafuta yake; kuni tunazipita. Lakini unga bila kuni haukuwa chakula. Hata leo, hapa Butembo na kule Beni, mama wengi wana unga kidogo ndani ya nyumba, na kinachowashinda ni makala.

Ndiyo sababu tunauliza: makala, petroli na umeme vinapopanda bei, serikali ikimsaidia masikini, je, inamtolea sadaka au inamlipa deni? Tofauti si ndogo. Anayetoa sadaka anachagua siku na kiasi, na anayepokea anashukuru. Lakini anayedai deni lake anaweza kusimama mlangoni bila haya.

Wako waamini wanaosema: Mtume Paulo aliandika kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile, basi serikali isizoeze watu uvivu. Tunawajibu kwa upole. Paulo alisema juu ya yule asiyetaka. Mama anayepanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, hakukosa kutaka. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika eneo la Beni, watu wengi waliacha mashamba ambako waliokota kuni bila kulipa kitu. Walikimbilia mjini, na kuni zilizokuwa za bure wanazinunua. Hapo uvivu uko wapi?

Tena tuangalie chungu. Maharage ni chakula cha masikini, lakini yanakula makala saa nyingi. Mchele unaiva upesi, na anayeununua mara kwa mara ni mwenye feza. Hivyo aliye na kidogo ndiye anayechoma zaidi. Na kwa kuwa hawezi kulipa gunia zima, ananunua kwa kipimo kidogo, siku kwa siku, na makala ya kipimo ni ghali kuliko ya gunia. Bei ikipanda, maharage yanaondoka kwanza, na watoto wanabaki na bugali na lengalenga.

Sheria ya Musa ilijua jambo hili. Katika Kutoka 22, aliyechukua vazi la masikini kuwa rehani anapaswa kulirudisha kabla jua halijatua, maana ndilo analojifunika usiku. Haikusemwa kwamba mwenye huruma afanye hivyo akipenda. Ni amri. Sisi tunaolala katika baridi ya vilima hivi tunaielewa upesi. Na nchi yetu imeandika neno la karibu na hilo: Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata nyumba inayofaa, maji ya kunywa na umeme. Jambo lililohakikishwa na Katiba ni deni. Tunalisema hata kama Butembo ilikaa miaka mingi kuwa mji mkubwa wa biashara usio na umeme wa serikali, kila mwenye duka na grupu yake ikinguruma mlangoni, wakati Inga ilikuwa ikitoa umeme upande wa pili wa nchi tangu 1972.

Lakini deni linaweza kulipwa kwenye mlango usio wake. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, kila serikali ilijibu kwa njia yake. Kinshasa iliendelea kuzuia bei na kubeba tofauti, deni lake kwa makampuni ya mafuta likawa kubwa. Tanzania ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Uganda ilikataa. Kenya ilikuwa inatoa, kisha mwezi wa Septemba serikali mpya ikaondoa msaada wa petroli. Hatukatai kwamba kuzuia bei ya petroli kunapunguza nauli ya moto na gharama ya mizigo inayoingia kwa Kasindi. Ila faida inafuata lita: mwenye magari matatu anapokea mara nyingi kuliko anayetembea kwa miguu, na mjane wa makala anaokota makombo.

Iko njia nyingine. Uganda iliweka bei ndogo kwa uniti 15 za kwanza za umeme kila mwezi, na Kenya ikaweka bei ndogo kwa anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi kuanzia 2023. Hii inakaribia haki zaidi, kwa sababu inaangalia anayetumia kidogo. Lakini wapangaji wanaotumia kompteri moja katika kiwanja kimoja wanazimaliza uniti za bei ndogo kwa siku chache, na asiye na waya hapati kitu.

Kwetu, makala haina pompi wala bei ya serikali. Hata hivyo serikali ina mkono ndani yake, maana gunia linapita vizuizi vya barabarani, na kila kizuizi kina anayetaka kitu, mwenye haki au asiye na haki. Malipo hayo yote yanaingia katika kipimo cha mama wa mwisho. Kuondoa yasiyo ya sheria kungekuwa msaada usiohitaji hata franka moja kutoka hazina. Kabla ya kutoa, aache kwanza kunyang'anya.

Mtu atasema makala ya bei ndogo itamaliza miti. Ni kweli, na vilima vyetu vinashuhudia. Basi msaada usiishie kwenye makala: mbabula nzuri inayotunza joto, miche ya mikaratusi kwa wenye kiwanja, waya unaofika hata Vulamba na pembeni mwa Bulengera.

Jambo moja linatutia hofu. Yusufu aliiokoa Misri na njaa, nasi tunamsifu. Lakini someni Mwanzo 47: watu walilipa feza, kisha wanyama, kisha mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe kwa Farao. Msaada uliwaokoa na ukawachukua. Kwa hiyo gunia la makala linalofika wakati wa kura, likiwa na jina la mtu, hatulihesabu kuwa deni lililolipwa. Haki haina picha ya mgombea juu yake.

Na siku serikali itakapoleta msaada, majina yataandikwa na chefu wa avenue. Mkimbizi mpangaji, asiye na karata ya uchaguzi, ataachwa nje kwa urahisi. Tunaomba mama wa kanisa wawe karibu na chefu siku hiyo. Wao wanajua ni jiko gani halijawashwa tangu juzi.