Kengele si Salamu

Chuoni tulikosoma udogoni, kabla hatujafika kwenye sura ndefu, tulifundishwa adabu za salamu. Siku moja maalimu wetu alitupanga uani makundi mawili: wengine wakae mkekani, wengine wapite kwa miguu. Mmoja wetu akapewa ufagio aupande kama kwamba ni mnyama. Kisha akatuuliza: nani aanze kumsalimu mwenziwe? Tulijibu kwa pupa na kwa sauti moja kuwa wa kuanza ni aliye chini, amsalimu aliyepanda, kwa sababu mwenye kipando ndiye mkubwa. Maalimu alicheka mpaka akafuta macho. Akatusomea hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu wengi.

Hatukuuliza sababu. Mtoto wa chuoni wa zama zetu hakuwa na mazoea ya kuuliza sababu. Tulihifadhi maneno, tukaenda zetu. Sasa imepita miaka zaidi ya arubaini, na barabara za Unguja zimejaa vipando ambavyo maalimu yule hakuviona, nami nadhani sababu nimeanza kuiona. Sikuipata kitabuni. Niliipata mtaroni, kwa namna nitakayoieleza, na ambayo hainipi fahari.

Anayetoka Mwera asubuhi kuja mjini kupitia Mwanakwerekwe ataukuta uhasama ninaoukusudia. Katika ukingo wa lami wamo mchuuzi wa samaki na tenga lake, mkata majani ya ng'ombe aliyezibwa na mzigo wake hata mgongo hauonekani, na mwanafunzi wa skuli aliyempakia mdogo wake kwenye keria. Nyuma yao zinakuja gari za abiria zinazokimbizana na saa, gari za wageni wanaowahi ufukweni, malori ya mchanga, na sisi wenye vigari vyetu vilivyotumika kwanza Japani. Njia ni moja na nyembamba. Kila mmoja amemchukia mwenziwe kabla ya kumwona uso.

Ukimsikiliza dereva, atakwambia kuwa wapanda baiskeli hawana adabu wala sheria. Usiku hawawashi taa. Hukata kona bila ya kunyoosha mkono. Huendesha wawili sambamba wakizungumza kama walioko barazani. Ukimsikiliza mpanda baiskeli, atakwambia kuwa wenye magari wanamwona takataka ya kufagiliwa kando, wanampitia karibu hata upepo wa gari ukamyumbisha, wanamtia mtaroni kisha wanamtukana kwa kuwapo mtaroni. Nimekuwa katika pande zote mbili, na nashuhudia kuwa kila mmoja anasema kweli. Kwa hiyo suala si nani mwenye makosa, maana makosa yamegawika. Suala ni hili: pale wawili wanapokutana na wote wana kasoro, nani anadaiwa kuanza wema?

Niseme kwanza habari ya baiskeli yangu. Nilipokuwa kijana nilikuwa na Phoenix nyeusi ya Kichina, ndiyo iliyonileta mjini kutoka shamba na ndiyo iliyonifikisha kwenye vitabu nilivyojisomea mwenyewe. Niliipenda mno, na zaidi niliipenda kengele yake. Nilikuwa nikiingia nayo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na kila nikikaribia watu naipiga, nao wanajibana ukutani. Niliona raha. Alasiri moja nilimpigia kengele bi mkubwa mmoja aliyekuwa akitembea taratibu na kikapu chake. Alijibana, nikapita. Nilipofika mbele kidogo nikakwama nyuma ya mkokoteni, naye akanifikia kwa miguu yake. Hakunikemea. Alisema tu: "Mwanangu, kengele si salamu."

Nilijidai sikusikia. Lakini neno lile lilinikaa, kwani lilikuwa kweli tupu. Salamu humwambia mtu, nimekuona. Kengele yangu ilikuwa ikimwambia, niondokee. Na kumbe mimi, niliyekuwa nikilalamikia magari ya barabara kuu, nilikuwa ndani ya kichochoro ni gari la watu wengine. Hadithi ile ya chuoni haikumtaja mtu kwa jina la chombo chake. Imeweka ngazi. Kila aliyepanda anaye wa chini yake, na anayenionea leo huenda kesho akaonewa na mwenye chombo kikubwa zaidi.

Kisa cha pili ni cha miaka ya karibuni. Nilikuwa tayari na gari, na asubuhi hiyo nimechelewa mkutano mjini. Mbele yangu alikuwapo mzee na baiskeli yake imebeba majani ya ng'ombe, anakwenda mwendo wa kukanyaga na kupumzika. Magari yanayokuja upande wa pili hayakunipa nafasi ya kupita. Nikapiga honi, fupi. Akajitahidi kusogea. Nikapiga ya pili, ndefu, ile ambayo mtu haipigi kwa mkono bali kwa hasira. Mzee alishtuka, gurudumu la mbele likatoka kwenye lami likaingia kwenye changarawe, na nilipompita niliona katika kioo cha pembeni baiskeli imelala, majani yametapakaa, na mzee amekaa mtaroni ameshika goti.

Sikusimama. Nilijiambia kuwa nyuma yangu pana magari, kuwa wapo watu watakaomnyanyua, kuwa nimechelewa. Mkutano wenyewe ulianza baada ya saa nzima. Niliporudi mchana nilisimama pale pale, nikakuta majani machache yaliyokauka kwa jua. Niliuliza katika maduka ya karibu, hakuna aliyemjua. Kwa wiki kadhaa nilipita njia ile nikiwatazama wazee wote wenye baiskeli. Lakini uso wake sikuwa nimeuona. Nilichokuwa nimekiona ni mzigo tu uliozuia safari yangu.

Waweza kuniambia, msomaji, kuwa mzee naye angepaswa kujiweka kando mapema, na kwamba sheria ya barabara ni sawa kwa wote. Ni hoja yenye uzito, na madereva waungwana huitumia: wakitaka heshima, nao washike sheria. Lakini hebu tuitie kwenye mizani. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 60 kwa saa, na baiskeli pamoja na mtu wake wakawa kilo 90 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, nguvu iliyomo katika mwendo wa gari ni zaidi ya mara 200 ya ile ya baiskeli, kwa kuwa uzito huzidisha nguvu, na mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Kosa la mpanda baiskeli aghalabu humwadhibu mwenyewe. Kosa la dereva humwadhibu mwingine. Sheria iliyo sawa, ikawekwa baina ya wawili walio mbali namna hii kwa nguvu, haileti usawa. Huacha mambo yaamuliwe na chuma.

Tena hoja hiyo ya kuwa asiyejua sheria hastahiki kuangaliwa tumekwisha kuivunja sisi wenyewe hapa kisiwani. Katika barabara ipitayo msitu wa Jozani yamejengwa matuta ili magari yapunguze mwendo, kwa sababu kima punju, ambaye kwa asili yake hapatikani popote duniani ila Zanzibar, alikuwa akigongwa na kufa. Madereva hupunguza mwendo. Wengine hata husimama, wakawaonesha watoto wao kima anayevuka na mwanawe kifuani. Sijamsikia dereva hata mmoja akidai kuwa kima ajifunze kwanza alama za barabarani, au avae taa. Tumekubali kuwa mnyama yule hana uwezo wa kutudhuru nasi tuna uwezo wa kumuua, na hilo likatosha kuwa sababu. Basi mkata majani, ambaye ni binadamu na ni mzee wetu, amekosa nini hata asipate walau kile anachokipata kima?

Nchi nyingine zimelifikia jambo hili kwa njia ya sheria. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 5 Julai 1985, ijulikanayo kwa jina la waziri wa sheria wa wakati ule, Robert Badinter, inayomwezesha mwenda kwa miguu au mpanda baiskeli aliyejeruhiwa na gari kulipwa fidia ya majeraha yake hata kama naye alikosea kidogo. Uingereza, katika mabadiliko ya kanuni zake za barabarani yaliyoanza tarehe 29 Januari 2022, imetamka kuwa mwenye chombo kinachoweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Kanuni hizo hazikuwavua wengine wajibu wao, bali zimepanga ngazi. Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka maalimu na ufagio wake. Wenzetu wameandika mwaka 2022 jambo ambalo watoto wa chuoni wa visiwa hivi wamekuwa wakilikariri vizazi kwa vizazi, kisha wakilisahau wakishika usukani.

Kazi yangu ya kufasiri nayo ilinifunza kitu. Wakati mmoja nilikuwa nikifasiri maelezo ya udereva, nikafika kwenye neno la Kiingereza la kumpita mtu aliye mbele. Neno lile limejengwa kwa maana ya kumkuta mtu na kumtwaa, kama kwamba ni mawindo. Nikatafuta letu. Kiswahili kina kupita, na kutokana nalo kina kupisha, na kutokana nalo kina kupishana. Hatua tatu: ninapita, ninakupa nafasi upite, tunapeana nafasi. Na neno barabara lenyewe lina maana mbili, njia kuu na jambo lililokaa sawasawa. Sidai kuwa lugha njema hufanya watu wema. Mimi nilikuwa na maneno hayo yote siku nilipopiga honi. Nasema tu kuwa hatuwezi kusingizia kuwa hatukupewa.

Wala sisahau kuwa roho si chanzo pekee cha uhasama huu. Barabara ikijengwa nyembamba, bila ya ukingo wa kupita baiskeli, imewagombanisha watu kabla hawajazaliwa. Waliomo ofisini na kalamu za kuchora barabara nao wamepanda, tena wamepanda juu kuliko sote, na salamu yao kwa mwenye baiskeli ni mita moja na nusu ya lami. Lakini barabara pana huja kwa miaka, na honi iko mkononi leo.

Nirudi kwenye sababu niliyosema nimeiona. Wanavyuoni hutufundisha kuwa toba ya dhuluma aliyotendewa mtu ina sharti la ziada: umrudishie haki yake au umtake radhi. Katika kichochoro sharti hilo linatimizika. Ukimkumba mtu, yupo hapo hapo. Utamwomba radhi, na ukisahau leo utamkuta kesho barazani, na mtaa mzima utakukumbusha. Barabara imeivunja kamba hiyo. Mwendo humchukua mkosaji akamwacha aliyekosewa nyuma, hana jina, hana uso, amebaki mdogo katika kioo na kutoweka. Dhambi ya barabarani ni dhambi isiyo na anwani. Nami yangu ninayo mpaka leo, na mwenyewe simjui. Huenda amekwisha kufa. Huenda ndiye yule ninayemwagizia maziwa kila asubuhi.

Ndiyo maana, kwa dhana yangu, aliyepanda ameamrishwa atangulie kwa salamu. Yeye ndiye atakayeondoka upesi. Kwake yeye radhi haitapata wakati wa kufuata, basi wema hauna budi kutangulia. Salamu yake si lazima iwe ya ulimi, kwani kioo kimepandishwa na injini inavuma. Ni kuondoa mguu kwenye mafuta, ni kumwachia mtu upana wa mkono ulionyooshwa, ni kungoja nusu dakika nyuma ya mzigo wa majani ukijua kuwa chini yake yumo mtu. Na mwenye baiskeli naye awashe taa, amwonee huruma anayetembea, kwa maana naye amepanda.

Ujanani niliwahi kutunga beti nyingi za kuwalaani madereva, nikazisoma mbele za watu nikapigiwa makofi. Nimezichana. Badala yake nimebakisha ubeti mmoja, ninaousoma peke yangu kabla sijatia ufunguo garini:

Ulopanda anza wewe, salamu kutanguliza,
Wa chini asionewe, kwa honi kumfukuza,
Naye taa achukuwe, asitembee na kiza,
Njia ni ya kupishana, si ya mtu kujikweza.