Subira na Utelekezaji

Saguaro, dungusi kakati kubwa la jangwa la Arizona, huweza kuchukua miaka 35 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Anayelea jamaa zake kwenye chungu hukutana na jambo gumu kuliko kungoja: aina nyingi hazichanui mpaka zipitie miezi ya ubaridi na ukavu, maji yamezuiwa kwa makusudi. Huruma ya kumwagilia kila siku huozesha mizizi. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wanalijua hili bila dungusi. Mkorosho, mgeni mwingine kutoka Amerika, husubiri mvua zikatike. Kuanzia Juni hivi, ardhi ikikauka, ndipo maua yanapotoka. Je, Mungu anapochelewa kujibu maombi, tuseme ukavu huo nao ni malezi?

Nasema ndiyo, ila kwa sharti ambalo mahubiri mengi ya subira hulisahau: anayezuia maji ili mmea uchanue hajaondoka. Mkulima wa korosho hakai kivulini msimu huo. Hupalilia, hupogoa, na maua yakianza hupulizia salfa kukinga ugonjwa wa ubwiriunga. Ukavu wenye mwangalizi ni malezi. Usio naye ni utelekezaji, na kwa mbali viwili hivi hufanana mno. Nachingwea ina ushahidi wa hicho cha pili. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea bila kupima udongo na mvua ipasavyo. Mwaka 1951 ikauacha, pauni milioni 36 hivi zimekwisha kuteketea. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mapema miaka ya 1960. Kumwambia mtu aliyeachiwa tuta tupu la reli kwamba asubiri, eti subira huvuta heri, ni kumdhihaki.

Mpinzani atasema mmea hauumii, mtu huumia, na muumini hana namna ya kujua kama Mkulima wake yumo shambani. Hoja ni nzito, na siwezi kuimaliza. Lakini tazama Ayubu, anayetajwa misikitini na makanisani kuwa kielelezo cha subira: katika kitabu chenye jina lake kwenye Biblia analalamika sura baada ya sura. Halalamikii hewa, malalamiko yake yanamchukulia Mungu kuwa yupo na anawajibika kujibu. Basi kumnyamazisha mlalamikaji kwa jina la subira ni kumfundisha kwamba hakuna anayesikia. Wala kungoja hakukosi kikomo. Katika Injili ya Luka, mtunza shamba anayeutetea mtini usiozaa anaomba mwaka mmoja tu, na papo hapo anaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Wahubiri, na wanasiasa pia, hukumbuka kuomba mwaka. Ahadi ya samadi huwatoka.