Kwazo Lina Mwenyewe

Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kwazo, kisha inaongeza kwamba tumche Mungu. Mimi ni katekista hapa Bugomora, na nyongeza hiyo ndiyo inayonisumbua. Jiwe la njiani linamhusu nini Mungu? Nadhani ni kwa sababu kipofu akianguka hawezi kumtaja aliyeliweka. Kesi haina shahidi, isipokuwa Yeye.

Makwazo ya kwetu hayafanani na uovu. Siku ya gulio, mikungu ya ndizi hupangwa ukingoni mwa barabara kusubiri Fuso. Bodaboda huegeshwa mbele ya maduka. Kuna pia lundo la mchanga wa mtu anayejenga, limekaa tangu masika (nyumba yenyewe haijavuka msingi). Jirani yangu asiyeona anaujua ukingo ule kwa fimbo yake. Ukijaa, hushuka barabarani, kwenye magurudumu. Mama aliyejitwika mzigo naye hushuka, watoto wa shule wakimfuata.

Nilimwomba kijana mmoja asogeze pikipiki. Akasogeza kwa adabu, ila akauliza, "Mwalimu, kwani nimemgonga nani?"

Hakumgonga mtu, na hakukusudia baya. Sisi walimu wa dini ndio tuliomzoesha kupima dhambi kwa nia. Lakini mguu wa kipofu haujikwai kwenye nia ya mtu, hujikwaa kwenye pikipiki. Waislamu wenzetu wana hadithi, aliyoipokea Imamu Muslim, inayohesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani. Tawi la chini kabisa, lakini ni la imani, si la hisani.

Hapo ndipo ninapogombana na wema wetu. Tunamshika jirani mkono, tunamvusha, tunajisifu. Yeye hakuomba mkono. Alikuwa na njia yake, tukaijaza. Mtaniambia tatizo ni mwendo wa magari. Sheria ya nchi inataka usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi. Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, lilitaka usizidi 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Sawa, lakini hata 30 ni nyingi kwa mtu aliyesukumwa katikati ya barabara asiyoiona.

Wenye ndizi na wenye pikipiki, acheni upana wa watu wawili ukingoni kabla ya gulio lijalo. Nawe mwenye mchanga, toka na beleshi Jumamosi asubuhi. Toroli nitaleta mimi.