Kabla ya Kulaumu Taa

Hapa Stockholm, mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Katika nchi ya namna hii mtu hujifunza kuiheshimu taa. Tangu mwaka 1977 sheria ya Uswidi inamtaka dereva awashe taa za gari hata mchana. Leo naomba nizungumzie taa ndogo kabisa, zile za dashibodi katika magari ya zamani, kwa sababu zinatupa njia ya kuuliza swali linalotuhusu sote: mtu anapofifia mbele ya macho yetu, tuanze kumlaumu nani?

Magari ya zamani yanapendwa sana hapa, na mengine yana historia na kwetu. Wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka Volvo PV 544, maana Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda nayo Safari Rally mwaka 1965. Si ajabu basi kumkuta Mswahili wa Stockholm amejikunja chini ya usukani wa gari linalomzidi umri.

Gari la umri huo mara nyingi husumbua usiku: spidomita na geji ya mafuta hazisomeki. Wengi hukimbilia kununua balbu. Ya wati 2 ikionekana dhaifu, wanaweka ya wati 5. Hapo wamejiletea matatizo mawili. Joto la balbu kubwa huweza kuyeyusha plastiki iliyo karibu nayo. Pia balbu hiyo huvuta umeme mwingi zaidi kupitia kiungo kilekile kibovu, na kiungo nacho hupata moto.

Ukweli ni kwamba mara nyingi balbu haina kosa. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, huwasha balbu, kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, njia ambayo mafundi wetu huiita ethi. Kutu kidogo mahali popote katika mzunguko huo hutosha kupoteza volti moja. Na balbu ya waya wa tungsteni haivumilii: ikipungukiwa volti moja kati ya 12, mwanga wake hupungua kwa karibu robo. Hasara ndogo njiani huonekana kubwa kwenye taa.

Kuna jambo jingine ambalo kila fundi hulijua. Ukichomoa balbu na kupima waya unaoileta nguvu, mita itakuonyesha volti 12 kamili hata kama kiungo kimeoza. Umeme usiofanya kazi haupotei njiani. Ni mpaka taa iwashwe, ubebe mzigo wake, ndipo mita itakapokuambia ukweli.

Naona salamu zetu ni kipimo cha aina hiyo. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za siku nyingi?" "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Volti 12 kamili! Adabu yetu haimruhusu mtu kujibu vinginevyo mlangoni, na sisemi adabu hiyo ni mbaya. Nasema tu kwamba haijapima kitu.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na ndugu mmoja miongoni mwetu, ambaye sitamtaja, aliyekuwa mchangamfu katika kila shughuli. Akaanza kufifia. Alikaa nyuma, akaondoka mapema, na kila alipoulizwa alijibu "salama". Kisha ukatokea msiba, tukachangishana kusafirisha maiti nyumbani, naye hakutoa hata krona moja. Hukumu ikapita haraka: amekuwa bahili, ameshakuwa Mzungu. Wengine wakamtumia ujumbe mkali wa kumtaka ajikaze. Hiyo ndiyo balbu ya wati 5.

Mama mmoja mtu mzima hakusema neno. Alipika chakula, akapanda treni, akaenda kukaa naye jioni nzima. Kazi ilikuwa imekwisha miezi saba nyuma, na kila kilichobaki alikuwa akikituma kwa wazazi wake, ambao hawakuwa na habari. Mchango ule ulikuwa mzigo wa kwanza kuonyesha hali halisi, na watu waliusoma kama tabia yake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kama kila kosa ni la waya, nani atawajibika? Mvivu na mlevi nao watasingizia ethi. Pingamizi hili ni la haki. Kuna balbu zilizokwisha kweli, kioo kimekuwa cheusi kwa ndani, na hizo hazifufuliwi kwa kusafisha viungo. Lakini kupima si kusamehe. Kupima ni kutaka kujua kabla ya kuhukumu, na anayepima ndiye pekee mwenye haki ya kusema baadaye kwamba balbu imeungua. Tena utaratibu una sababu: kusugua ethi kunataka kipande cha msasa na dakika kumi, ilhali kumtupa mtu kunagharimu mtu.

Wajibu wetu hasa uko hapo. Katika maisha ya ugenini, mwenzako mara nyingi hana mjomba wala shangazi mtaani. Kiungo chake ni sisi, na kutu ikiingia, imeingia kwetu.

Niongeze ushauri mmoja wa kiufundi. Magari mengi ya zamani yana kitufe cha kuzungusha cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Kikikaa miaka bila kuguswa, hushika uchafu na taa hufifia. Kabla ya kufungua kitu chochote, kizungushe kwenda na kurudi mara ishirini. Mara nyingi mwanga hurudi bila kununua kitu. Kiungo hicho hakikuharibiwa na kazi. Kiliharibiwa na kuachwa.

Basi wiki hii mpigie simu yule aliyenyamaza. Akikujibu "salama", usikate bado.