Kisanduku cha Fumbo na Jiwe la Kisii

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia mlango wa biashara ya halali na kuufunga mlango wa kamari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyejulikana sokoni kwa uaminifu kabla ya kujulikana kwa utume, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, jambo tutakalolizungumza leo huenda mtu akaliona dogo, kwa kuwa ni habari ya vitu vya kuchezea. Walakini mambo mengi yaliyowaharibu watu wakubwa yaliingia nyumbani kwa mlango wa watoto, na mwenye busara huuangalia mlango ule kabla haujawa mpana.

Tulikuwa safarini katika nchi ya Wagusii, Kisii na Nyamira, kuwazuru ndugu zetu wa huko: Wanubi waliokaa Kisii tangu zamani za ukoloni, na wenyeji, na watu wa pwani waliokwenda kutafuta riziki. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, mtoto wa mwenyeji wetu, kijana wa miaka 17, alitufungulia kabati lake atuonyeshe wanasesere anaowakusanya. Aliwapanga mezani watano aliowapenda zaidi mwaka huo. Huyu kwa sababu macho yake yamechorwa kama yanayotaka kulia. Yule kwa rangi yake iliyokolea bila ya kuvuja. Wa tatu kwa manyoya yake laini. Wa nne kwa meno yake ya utundu. Na wa tano kwa kuwa rafiki yake alimtunuku. Tuliwatazama, na haki yasemwa: ufundi ulikuwa mzuri, na kijana alijua kuueleza.

Kisha tukamwuliza: “Ili kuwapata hawa, umenunua wangapi?” Akainamisha kichwa. Alikuwa amenunua 23. Waliobaki walikuwa katika mfuko chini ya kitanda, na mmoja wao alikuwa amemjia mara nne. Aliyekuwa akimtaka kuliko wote hakumpata hata leo. Na sehemu ya fedha zile alipewa na mamake za kununulia vitabu.

Habari ya biashara hii ni hivi. Mwanasesere hutiwa katika kisanduku kilichofungwa, na juu yake huchapwa picha za fungu zima, labda sita au kumi na mbili. Mnunuzi hulipa bila ya kujua ni yupi atakayemtokea. Tena katika fungu huwekwa mmoja wa siri, adimu sana. Katika mafungu mengine hupatikana katika kisanduku kimoja kati ya 72, na katika mengine huwa adimu zaidi ya hapo. Yuko anayejulikana sana siku hizi, Labubu, aliyebuniwa mwaka 2015 na mchoraji Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Kampuni inayomwuza, Pop Mart, ilianzishwa Beijing mwaka 2010, na katika mwaka 2024 mapato yake yalipita Yuan bilioni 13. Mwezi wa Juni 2025 Labubu mmoja wa kimo cha mtoto aliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya Yuan milioni moja. Habari kama hizo zikimfikia kijana wa Mombasa au Kisii, huanza kudhani kwamba kila kisanduku kina hazina ndani yake.

Na wenyewe wenye nchi wameona hatari. Mwaka 2023 serikali ya Uchina ilitoa mwongozo kwamba visanduku hivi wasiuziwe watoto walio chini ya miaka 8, na walio juu ya umri huo, kabla ya utu uzima, wawe na idhini ya wazee wao. Na kwamba muuzaji atangaze uwezekano wa kupata kila kilichomo. Ikiwa watu wasiohukumu kwa Kitabu chetu wameona haja ya kuweka mpaka, je, sisi tulioonywa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita tutanyamaza?

Jueni, ndugu zetu, kwamba sheria haikuchukia mchezo wa mtoto. Imepokewa ya kuwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mabawa mawili. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwuliza habari yake, naye akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mabawa, Mtume akacheka. Basi asije mtu akatoka hapa akawavunjia watoto wake vitu vyao na kusema kuwa tumemwamrisha. Habari ya masanamu ya kupamba nyumba za watu wazima ni mlango mwingine, nao wanavyuoni wameueleza mahali pake. Maneno yetu ya leo yako katika namna ya kuuza.

Mtume amekataza mauzo ya gharari, yaani mauzo ambayo ndani yake mna giza: samaki angali baharini, mtumwa aliyetoroka, mimba iliyo tumboni mwa mnyama. Akakataza mauzo ya kijiwe, ambayo watu wa ujahili walirusha kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo iliyouzwa. Akakataza pia mauzo ya kugusa, ambayo mtu hugusa nguo bila ya kuikunjua na bei ikawa imekwisha kufungika. Hebu yapimeni haya na kisanduku cha fumbo. Tofauti iko wapi, isipokuwa kijiwe kimekuwa karatasi nzuri yenye rangi? Na juu ya gharari umekuja mfano wa kamari, iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90, kwa kuwa mtu hatoi fedha kwa ajili ya kitu bali kwa ajili ya tamaa. Watu wetu wa bandarini wana jina la mchezo huo tangu zamani: pata potea.

Mtu atasema: “Mimi sikupotea, kila kisanduku kina mwanasesere ndani.” Twamjibu: kama ungalitaka mwanasesere tu, ungalimchagua rafuni kwa macho yako na kwenda zako. Kinachokurudisha dukani mara ya 23 ni yule usiyempata. Walakini lazima tuwe waadilifu. Ikiwa vilivyomo vyote ni vya thamani moja, wala hamna adimu anayetafutwa, na tofauti ni ya rangi tu, giza lake ni jepesi. Na wanavyuoni wametofautisha gharari kubwa na ndogo. Wallahu aalam.

Mwingine atasema: “Na sisi tununuao mitumba? Belo twaliuziwa limefungwa, hatulifungui mpaka tumelipa.” Swali hili ni zuri, na wala hatulikimbii. Belo lina uzani unaojulikana, aghlabu kilo 45, lina aina yake na daraja yake. Mwenye kulinunua ni mfanyabiashara anayejua desturi, na wingi wa nguo husawazisha nzuri na mbaya. Hata hivyo, muuzaji akijua kwamba belo limejaa matambara naye akaliita la daraja ya kwanza, huyo ameghushi, na Mtume amejitenga na kila mwenye kughushi. Siku ile sokoni alitia mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu chini. Akamwuliza mwenyewe mbona hakuiweka iliyolowa juu, watu wapate kuiona.

Kwa hiyo twataka mtazame namna riziki inavyouzwa katika nchi ile ile tuliyomkuta kijana wetu. Mchana wa siku ya pili tulikwenda Tabaka, Mugirango Kusini, panapochimbwa jiwe la Kisii. Ni jiwe laini, jeupe, la waridi, la kijivu, hata wekundu. Wanaume hulichimba katika mashimo yaliyo wazi, kazi yenye hatari, khasa wakati wa mvua, kwa kuwa kingo huporomoka. Kisha hulichonga kwa panga, visu na patasi. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji, wakalikausha na kulipaka nta mpaka ling'ae. Huko hukuta mabakuli, sahani, vinara, na wanyama wa kila namna. Mmoja wa mafundi wa nchi ile, Elkana Ong'esa, alichonga ndege wa amani aliyesimamishwa makao makuu ya UNESCO, Paris.

Fundi mmoja alitupa bakuli, akatuambia tuligonge kwa kidole. Likalia. Akatupa la pili. Sauti yake ikawa nzito. “Hili lina ufa ndani,” akasema. “Wako wanaoziba ufa kwa gundi na kupaka rangi. Mimi nalitia kando.” Ndugu zetu, hii ndiyo biashara aliyoisifu Mtume, aliposema kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa. Mtu yule si wa dini yetu, lakini amani ya soko aliijua.

Nyamira nako tuliona chai. Majani mawili na chipukizi huchumwa, hupelekwa katika kituo, yakatandazwa na kukaguliwa, yakapimwa mbele ya mwenyewe. Kisha chai ile hushuka mpaka mjini kwetu Mombasa, kwenye mnada, na kabla ya bei kutajwa wanunuzi hupewa sampuli, na waonjaji huinywa kwa kijiko na kuitema, mmoja baada ya mmoja. Watu wanaonunua kwa magunia hawakubali kununua kwa fumbo. Basi kwa nini tumfundishe mtoto wetu kufanya hivyo kwa fedha za vitabu?

Hapo, ndugu zetu, tungeliweza kufunga maneno, na kila mmoja akaondoka akimlaumu kijana. Lakini fundi yule wa Tabaka alituuliza swali, nalo limetukaa moyoni: “Bakuli hili, huko kwenu pwani, mwawauzia watalii kwa kiasi gani?” Tukatazamana. Tulikuwa tukijua, naye hakujua.

Basi yako maficho mawili. Kuna kisanduku ambacho mnunuzi haoni kilichomo, na kuna kisanduku ambacho muuzaji haoni thamani ya kilichomo mkononi mwake. Mtume aliyakataza yote mawili. Alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuwalaki wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na mwenye mali akifika sokoni akaona amepunjwa, amepewa hiari ya kuvunja mauzo. Hatusemi kwamba faida ni haramu. Aliyesafirisha jiwe kutoka Tabaka mpaka pwani amelipa nauli, amebeba hasara ya vilivyovunjika, analipa kodi ya duka. Tunachosema ni kwamba ujinga wa mwenzako si bidhaa ya kununuliwa kwa bei rahisi. Katika miji yetu mna wenye maduka ya vinyago na mawe, na baadhi yao twasali nao safu moja. Tunaomba wajiulize: fundi akija kesho akasimama mbele ya duka langu akasoma bei, je, nitaweza kumtazama usoni?

Nasaha yetu, basi, ni hii. Kwa wazazi: mnunulieni mtoto kitu anachokiona, akichague mwenyewe, na mumfundishe kwamba kuchagua ni nusu ya furaha. Msimwite mpotevu kwa kupenda wanasesere. Mwulizeni mlivyowauliza wafanyabiashara wenu, amelipa nini na amepata nini. Kwa vijana: anayependa kukusanya na akusanye, lakini anunue kilicho wazi, au abadilishane na rafiki yake kitu kwa kitu, kila mmoja akiona. Kwa wenye maduka: vifungueni visanduku muuze kwa macho, na mnaponunua kwa fundi wa mbali, mwambieni bei ya soko kabla hamjataja yenu. Huenda faida ikapungua shilingi, baraka haitapungua.

Ama kijana wetu, ametupa ruhusa tuyaandike haya bila ya jina lake. Usiku ule alitusihi tusimwambie mamake, nasi tukamwahidi, kwa sharti aende mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka kwetu, tulipokuwa tukifunga mizigo, alipita mbele yetu na mfuko ule wa chini ya kitanda, akaingia jikoni kwa mamake. Tulisikia sauti zao, na hatukusikiliza maneno.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aifanye riziki yetu iwe ya halali na ya wazi, awape nuru watoto wetu, awahifadhi wachimbao mawe katika mashimo yale, na atusamehe yale tuliyoyaficha katika mizani zetu. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.