Mhunzi, Oda Hii Ni ya Nani?

Andiko: Isaya 54:16-17, Warumi 6:13



Isaya 54:17 tunaupenda sana. Kwenye mkesha tunautangaza mpaka sauti inakauka, kwamba hakuna silaha ya adui itakayotuweza. Amina. Lakini ni wangapi wetu hurudi nyuma hatua moja wausome mstari wa 16? Pale Mungu anamtaja fundi. Anasema yule mhunzi anayepuliza makaa mpaka chuma kikawa silaha, ni Yeye aliyemuumba. Kumbe kabla silaha ifike kwako, ilipita kwanza mikononi mwa mtu! Leo sihubiri habari ya silaha. Nahubiri habari ya fundi.

Mwezi uliopita vijana wetu walitembelea Thimlich Ohinga. Kutoka Homa Bay unapita Rodi Kopany na Ndhiwa, halafu unaingia Nyatike, Kaunti ya Migori. Mahali hapo panatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka wa 2018 UNESCO ilipaweka kwenye orodha ya Turathi za Dunia. Ni boma la mawe yaliyopangwa jiwe juu ya jiwe bila simiti, na kuta zake nyingine zinapita mita 3 kwenda juu. Wataalamu wanakadiria lilijengwa karne ya 16. Milango ni mifupi na myembamba, ili adui akija ainame kwanza. Watu waliishi humo na mifugo yao, wakijua usiku wowote wanaweza kuvamiwa.

Na katika eneo hilo hilo pana mahali wahunzi walipofanyia kazi ya chuma. Vijana walisimama hapo muda mrefu kuliko kwingine kote, na nawaelewa. Vita vya siku hizo vilikuwa vya mkuki, na mkuki ulitoka kwa jatheth. Lakini jembe nalo lilitoka kwa jatheth huyo huyo. Makaa ni yale yale. Nyundo ni ile ile. Kilichobadilika ni oda tu.

Twende kwa mambo matatu.

Kwanza, moto si dhambi. Soma 1 Samweli 13:19-22. Wafilisti walihakikisha Israeli haina mhunzi hata mmoja, mpaka mtu akitaka kunoa jembe lake anateremka kwa adui zake na kulipa. Taifa lisilo na fundi ni taifa la kuomba-omba. Kwa hivyo kijana, ukijua kuchomelea vyuma, mshukuru Mungu. Usiseme kipawa chako ni cha kidunia. Aliyekuumba anasema kwa kinywa chake kwamba alikuumba wewe fundi.

Pili, angalia nani ameleta oda. Miaka ya 1860, kule Ethiopia karibu na Debre Tabor, palikuwa na mahali panaitwa Gafat. Hapo walikaa wamishonari mafundi kutoka Ulaya, waliofunzwa St. Chrischona kule Uswisi. Waliingia nchi ile na Biblia, na ufundi wa mikono kama kazi ya kujikimu. Mfalme Tewodros II akawapenda. Kisha akaleta oda yake: nitengenezeeni silaha kubwa. Walisema kazi hiyo hawaijui. Mfalme akakaza. Hatua kwa hatua, Gafat ikawa kiwanda cha silaha, na mwisho ukatoka mzinga mkubwa ulioitwa Sebastopol, uzito wake kama tani 7. Watu wengi sana waliukokota milimani mpaka Magdala. Aprili 1868 jeshi la Uingereza lilipofika, mzinga haukumsaidia kitu. Tewodros alijiua tarehe 13 mwezi huo. Mzinga uko kule mlimani hadi leo.

Mpendwa, hao hawakuwa wapagani. Walikuwa watumishi wa Mungu! Waliingia na Biblia, na kitu ambacho watu wanapanda mlima kwenda kutazama ni mzinga. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akasema, leo naacha Injili nitengeneze bunduki. Ilikuja oda moja, ikafuata nyingine.

Paulo anasema viungo vya mwili wako ni silaha. Swali ni umemkabidhi nani. Na usijifiche eti wewe si fundi wa chuma. Yakobo 3 anasema ulimi ni moto. Ile meseji ya kuchochea kabila lingine, uliyoituma kwa vikundi vitano usiku, ulikuwa unavukuta makaa ya nani? Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa. Panga zile hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alizinoa.

Tatu, kanisa nalo lilete oda. Baada ya ile safari, ndugu mmoja kijana alinifuata kando. Ana karakana ndogo ya kuchomelea. Mtu alimletea gunia la vyuma vya springi za lori, akataka vipande arobaini vyenye makali, na akaacha nusu ya pesa mezani. Hakusema ni vya nini. Siasa imeanza kupamba moto, na kijana si mtoto, anaelewa. Karo ya mdogo wake haijalipwa. Aliniuliza, "Pasta, nikirudisha hii pesa, Jumatatu nitakula nini?"

Sikumwambia "Mungu atatoa" nikaenda zangu. Yakobo 2:15-16 inakataza baraka ya namna hiyo. Isaya 2:4 inaona panga zikigeuzwa kuwa majembe. Lakini basi jembe lazima lipate mnunuzi! Lango la kanisa letu limeoza. Viti vya Sunday school vimevunjika. Akina mama, mnanunua jiko wapi? Ndugu huyo amerudisha pesa ile Jumamosi. Imani yake imefanya sehemu yake. Sasa ni zamu ya mifuko yetu.

Maombi: Baba, mikono hii uliiumba wewe. Simama mlangoni pa karakana zetu, pa simu zetu na pa vinywa vyetu. Oda ya mauti ikija, tupe ujasiri wa kuirudisha. Na ndugu akiirudisha, usituache tumwache njaa. Katika jina la Yesu. Amina.

Kazi ya wiki: kabla ya Jumapili ijayo, mpelekee fundi mmoja kijana kazi halali, hata kama ni kunoa jembe moja.