Uaminifu wa Kipimo

Vijana wengi waingiao shule ya sekondari huiogopa kemia kabla hawajaionja. Wameambiwa kwamba ni elimu ya moshi na moto, ya majina magumu na hesabu ndefu, isiyomkubali ila mwenye akili ya ajabu. Hofu hiyo haina msingi. Mambo anayoyahitaji mwanafunzi abishapo hodi katika mlango wa elimu hii ni machache, na mengi miongoni mwayo amekwisha kuyapata nyumbani au katika shule ya msingi: kusoma maagizo kwa makini, kuhesabu kwa sehemu na desimali, kupima, kutazama, na kuandika alichokiona. Lakini pamoja na hayo liko moja ambalo ni vigumu kulifundisha ubaoni, nalo ni ukweli. Swali la insha hii ni hili: je, ni halali kwa mwanafunzi kukibadili kipimo chake ili kilingane na kile alichokitarajia?

Kwanza tuzitazame kazi zenyewe. Watu wa pwani yetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Nguo ziliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Aelewaye hesabu za namna hiyo ameshika ufunguo wa hesabu za kemia, kwa maana mkemia naye anayo korja yake, iitwayo moli. Chembe za vitu ni ndogo mno, hazihesabiki moja moja. Kwa hiyo yeye hupima uzito, na kwa uzito akajua idadi. Gramu 12 za kaboni ni moli moja, na gramu 18 za maji ni moli moja vilevile. Gramu 2 za haidrojeni huungana na gramu 16 za oksijeni zikafanya gramu 18 za maji. Ajuaye kwamba 2 kwa 16 ni sawa na 1 kwa 8 aweza kusema pasipo kubahatisha kwamba gramu 5 za haidrojeni zitahitaji gramu 40 za oksijeni. Hapa hapana uganga. Pana uwiano tu.

Wazee hao walitofautisha pia kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichorundikwa hadi juu. Aliyetaja kibaba asiseme ni cha namna gani alikaribisha ugomvi. Ndivyo ilivyo katika maabara. Aandikaye 25 asiseme kama ni gramu au ni sentimita za ujazo hajaandika kitu. Na asomaye bureti huku jicho lake liko juu kuliko uso wa maji, asisome pale chini pa mbonyeo, amepima kwa tele huku akidai kuwa amepima kwa mfuto.

Sasa na tulitazame jaribu lenyewe. Mwanafunzi ana asidi katika bureti, na katika chupa ana myeyusho wa soda, ya jinsi ile itokanayo na Ziwa Magadi. Adondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Mara ya kwanza apata sentimita za ujazo 24.6, mara ya pili 24.5, na mara ya tatu 25.3. Jirani zake wote wamepata 24.5. Kengele i karibu kulia, alama zangoja, na kifutio ki mkononi. Nani atajua?

Mwenye kutaka kufuta ana hoja yake, nayo yastahili kusikilizwa. Atasema: kitabu kimeandikwa na wataalamu, nami ni mwanagenzi mwenye mkono unaotetemeka. Nikiiacha 25.3 nitakuwa nimeandika kosa, nikiweka 24.5 nitakuwa nimeandika kweli. Basi ni dhambi gani kuisaidia kweli?

Hoja hii ina sura nzuri, lakini ina ufa. Daftari halikuulizwa kweli ya dunia. Liliulizwa kile kilichoonekana na mtu huyu, kwa chombo hiki, siku hii. Yamkini 25.3 ni kosa. Dawa ya kosa ni kupima tena na kutafuta asili yake: pengine bureti ilikuwa na uchafu, pengine tone moja lilizidi, pengine jicho lilipanda. Akifuta namba, amefuta na njia ya kulijua kosa, na kesho atalirudia. Wahenga walisema kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Apimaye huku amekwisha kukata shauri juu ya jibu hapimi tena, bali avuta.

Zaidi ya hayo, siku nyingine namba isiyopendeza ndiyo yenye habari. Mwaka 1785 Mwingereza Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme katika hewa aliyoichanganya na oksijeni, hata nitrojeni yote ikamezwa. Kikasalia kiputo kidogo, kisichozidi sehemu 1 katika 120 za nitrojeni ile. Angeweza kukipuuza, nani angemlaumu? Alikiandika. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Lord Rayleigh alipima uzito wa nitrojeni. Ile iliyotoka hewani ilizidi kidogo ile iliyopatikana kwa msaada wa amonia. Tofauti ilikuwa kama sehemu 1 katika 1000. Mwaka 1892 aliitangaza tofauti hiyo katika jarida la Nature, akawaomba wasomaji wamsaidie kuieleza. Kisha, badala ya kuificha, alitafuta njia ya kuikuza. Katika chombo kile kile nitrojeni ya hewani ilikuwa na uzito wa gramu 2.310, na ile isiyotoka hewani kabisa gramu 2.299. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza sababu: katika hewa tuivutayo kila saa mna gesi nyingine, karibu sehemu 1 katika 100, ambayo haikuwa ikijulikana. Waliiita agoni. Mwaka 1904 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Ugunduzi huo ulisimama juu ya gramu 0.011 ambazo mtu mmoja alikataa kuzifuta, na juu ya kiputo ambacho mwingine alikataa kukisahau.

Lakini kijana asidhani kwamba ukweli wa moyo watosha. Aliyepima kwa uzembe, akaandika kwa uaminifu kile alichokipata, ameshuhudia jambo ambalo hakulitazama. Kwa sababu hii kujizoeza desimali, kusafisha vyombo na kusawazisha jicho ni sehemu ya uadilifu wenyewe. Ustadi bila ukweli ni hila, na ukweli bila ustadi ni nia njema isiyofika mbali.

Gharama yake ipo, wala haifai kuifichia. Huenda mwanafunzi mwaminifu akapoteza alama mbili ambazo mwenzake amezipata kwa kifutio. Hata hivyo alama hizo zina wakati wake. Miaka michache ijayo mkono ule ule utapima dawa ya mgonjwa, au klorini ya maji ya mji, au kahawa ya mkulima katika mizani. Huko hakuna kitabu chenye jibu nyuma, wala jirani wa kuchungulia. Kuna mtu tu ambaye maisha yake au riziki yake imetegemea namba iliyoandikwa. Mkono uliozoea kuandika kilichotakiwa hautajua siku hiyo kuandika kilichoonekana. Basi, wewe unayeianza kemia, jizoeze kuhesabu, jizoeze kupima, na unapoandika 25.3, iache isimame, kisha upime tena.